Kabla ya kusema "je, wajua?", jiandae kwa swali la pili

Kwa miaka kadhaa mimi ndiye ninayebebeshwa kazi ya kutunga maswali ya chemsha bongo kila ndugu na marafiki wanapokutana. Nimeaibika mara za kutosha kuwa na la kushauri.

Aibu ya kwanza ililetwa na mtoto. Nilisimama na karatasi yangu, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Kwenye sayari ya Zuhura, siku moja ni ndefu kuliko mwaka mzima. Kweli au uongo?" Jibu kwenye karatasi lilikuwa "kweli": Zuhura huchukua siku zetu 243 kujizungusha mara moja, na 225 tu kulizunguka Jua. Watu wakaguna kwa mshangao, nami nikajiona profesa. Binti wa dada yangu, darasa la sita wakati huo, akanyoosha mkono.

"Mjomba, siku ipi? Ya kujizungusha, au ya jua kuchomoza mpaka lichomoze tena?"

Nikamjibu kwamba zote ni sawa. Usiku ule nikaketi kutafuta, nikakuta si sawa hata kidogo. Zuhura hujizungusha kinyume na sayari nyingi, kwa hiyo kutoka jua kuchomoza hadi kuchomoza tena ni kama siku zetu 117. Tena jua lenyewe huchomozea magharibi! Ukihesabu hivyo, mwaka wa Zuhura hautimizi hata siku zake mbili. Ajabu iliyokuwa nyuma ya swali la yule mtoto ilikuwa tamu kuliko ile niliyoisoma mimi, na nilikuwa nimeipita bila kuiona.

Tangu hapo nina sharti moja: sitoi jambo la kushangaza mbele za watu mpaka niweze kujibu swali la pili, lile linalofuata baada ya "kumbe!". Mara nyingi huwa ni "kwa nini?" au "ilikuwaje?".

Chukua ule mpira wa Madagascar wa mwaka 2002. AS Adema waliwafunga SO l'Emyrne mabao 149 kwa 0. Ukiishia hapo umetoa namba tu, na mtu mwenye akili atakuuliza palepale: dakika 90, mabao 149, nani huyo anapiga mashuti hivyo? Hakuna aliyepiga. SO l'Emyrne walijifunga wenyewe, yote 149, wakipinga uamuzi wa refa katika mechi iliyotangulia, ambao uliwakosesha ubingwa. Kila mpira ukianza katikati, wanaurudisha golini kwao. Wapinzani wao wamesimama wanatazama. Hadithi ndiyo inayokaa kichwani. Namba inaning'inia juu yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa mkimbiaji wa Japani, Shizo Kanakuri, aliyemaliza marathoni yake kwa muda wa miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20.3. Alianza mbio Stockholm mwaka 1912, joto likamshinda njiani, familia moja ikamkaribisha na kumpa kinywaji. Akarudi kwao bila kuwaaga waandalizi, naye akaandikwa kuwa amepotea. Mwaka 1967 Waswidi walimwita aje amalizie, akaja, mzee mzima, akakata utepe. Ukilisimulia hili, usianze na muda. Anza na joto, muda uache mwisho.

Kuna mengine ambayo swali la pili linayaua kabisa, na ni heri yafie mezani kwako kuliko mbele za watu. Ukuta Mkuu wa China kuonekana kwa macho kutoka mwezini? Jiulize: upana wake ni mita chache, mwezi uko umbali wa kilomita kama 384,000. Utaonekana vipi? Hata Yang Liwei, mwanaanga wa kwanza wa China, aliporudi mwaka 2003 alisema hakuuona, na yeye alikuwa karibu sana na Dunia. Einstein kufeli hesabu shuleni nako ni porojo. Alikwama kwenye mtihani wa kuingia chuo cha Zurich mwaka 1895, akiwa na miaka 16, lakini si kwa hesabu. Hesabu na fizikia alifanya vizuri.

Halafu jihadhari na dakika. Niliwahi kumnyima mtu alama kwa sababu alisema vita vya Uingereza na Zanzibar, vya tarehe 27 Agosti 1896, vilichukua dakika 45, na karatasi yangu ilisema 38. Bwana yule alinuna hadi tunaagana, na alikuwa na haki yake: vitabu vinatoa namba zote mbili, kutegemea unahesabu vita vimeanza na kwisha wakati gani. Siku hizi nauliza tu kama vilifika saa moja. Inatosha, na hakuna anayenuna.

Kwa tarehe za kale, fanya hesabu mwenyewe. Ukisikia kwamba Kleopatra yuko karibu zaidi na safari ya mwezini kuliko na ujenzi wa Piramidi Kuu, usimwamini mtu, chukua kalamu. Piramidi ilijengwa miaka kama 2,500 kabla yake. Yeye alikufa mwaka 30 KK, na binadamu alitua mwezini 1969. Hiyo imesimama.

Juzi mpwa wangu, sasa ni msichana mkubwa, aliomba atunge swali moja yeye. Akauliza pweza ana mioyo mingapi. Watu wakakisia, mmoja akapata: mitatu. Nikaona zamu yangu imefika.

"Ya nini yote hiyo, mama?"

Hakupepesa. "Miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja unaisambaza mwilini. Akiogelea, ule mmoja unasimama, ndiyo maana huchoka upesi, anaona bora atambae." Akanitazama. "Una la tatu, Mjomba?"

Sikuwa nalo. Nikampa alama mbili.