Tafuta kikoa kabla hujakata

Nikiwa kidato cha tano nilikosa alama kwenye swali nililoliona jepesi kuliko yote. Tulitakiwa kutafuta kikoa, yaani namba zote zinazoweza kuwekwa mahali pa x, cha fankisheni f(x) = (x² − 9)/(x² − x − 6). Nikatafuta vigawo, nikapata (x − 3)(x + 3) juu na (x − 3)(x + 2) chini. Nikakata (x − 3) kwa (x − 3), nikabaki na (x + 3)/(x + 2), kisha nikaandika kwa kujiamini: namba halisi zote isipokuwa −2. Mwalimu alizungushia wino mwekundu pale nilipokata, akaandika pembeni: “3 imeenda wapi?”

Rudisha hiyo 3 kwenye asili, yaani ile ya chini, kama ilivyokuwa kabla ya kukata: 9 − 3 − 6 = 0. Juu nako, 9 − 9 = 0. Sifuri gawa kwa sifuri! Jambo hili liliwasumbua hata wakubwa. Brahmagupta wa India, mwaka 628, alisema jibu lake ni sifuri. Leo tunasema halina jibu, kwa sababu namba yoyote ukiizidisha kwa sifuri unapata sifuri, sasa utachagua ipi? Kwa hiyo −2 na 3 zote zinatoka. Kukata hakuifuti 3, kunaificha tu.

Wanafunzi ninaowafundisha jioni huwa nawaambia waweke rula juu ya kiasi, yaani ile ya juu, wasikione kabisa. Inabaki asili peke yake. Iandike kuwa sawa na sifuri, tafuta x, na zile utakazopata ndizo za kuondoa. Kiasi kikiwa sifuri hakina neno, maana 0 gawa kwa 5 ni 0. Chunga alama: x + 2 = 0 inatoa −2, si 2. Na ukikutana na x² + 4 chini, usihangaike kutafuta cha kuondoa. Haiwezi kuwa sifuri kwa namba halisi yoyote, basi kikoa ni namba halisi zote.

Kama bado una shaka, chora grafu ya lile swali langu. Karibu na −2 mchoro unakimbia, upande mmoja juu, mwingine chini, bila kuugusa mstari wa x = −2. Kwenye 3 unapita kwa utulivu kana kwamba hakuna kitu. Hapo, kwenye (3, 1.2), inua penseli, weka kiduara kidogo kilicho wazi, kisha endelea kuchora.