Bibi yake bibi alitekwa akiwa mtoto: nilivyomtafuta na nilipopigwa hela

Kwetu Masasi ukienda kuposa lazima uulizwe ukoo wa mama, Wamakua wanauita nihimo, na usipoutaja utaonekana umeokotwa. Kwenye posa ya kaka yangu wazee wa upande wa pili wakauliza, mjomba akakohoa, akataja ukoo wa babu, yaani wa upande wa kiume kabisa, halafu akaomba maji ya kunywa. Njiani nikamuuliza mjomba mbona umetaja wa babu, akanijibu funga mlango wa gari vizuri.

Ndo nilivyoanza kumtafuta bibi yake bibi, maana ukoo wetu wa mama unaishia kwake. Ilinichukua miaka, nikakosea vitu vingi, kwahiyo naandika kwa ajili ya yeyote wa huku kusini ambaye kwao kuna bibi au babu "aliyekuja tu" na hakuna anayesema alitokea wapi.

Kosa langu la kwanza nilimuuliza shangazi mmoja msibani, tena mbele za watu, eti bibi mkubwa alikuwa mtumwa? Aisee. Nilihamishiwa jikoni kukosha masufuria mpaka arobaini. Hilo neno huku bado linauma jamani, linaweza kuvunja uchumba, linaweza kuibua ugomvi wa shamba la mikorosho kwamba nyie hamna haki hapa. Na hata sio neno sahihi kila mara. Wazee wa zamani walikuwa wanatofautisha, mateka ni mtu aliyezaliwa huru kwao akachukuliwa kwa nguvu, mzalia ni aliyezaliwa ndani ya nyumba ya bwana. Bibi yangu nilimpata nilipobadilisha maswali. Bibi, mama yake mama yako alilelewa na nani? Nani alimpa hilo jina? Alifikaje Masasi? Hapo akaongea jioni nzima, maana yeye alikaa na huyo bibi yake mpaka akawa binti mkubwa, alikuwa anamkuna mgongo akisimuliwa. Shika hii: tafuta mjukuu aliyekuwa anatumwa tumwa na mzee, usiende kwa mtoto wa kiume mwenye heshima zake kwenye ukoo. Mjukuu ndo anajua.

Halafu kabla hujaenda kwenye makaratasi jiulize ni kutekwa kupi. Huku kwetu watu wanasema tu "alitekwa" kama vile ilitokea siku moja. Kuna waliotekwa bara wakashushwa Kilwa Kivinje au pwani nyingine ya huku wauzwe. Kuna waliochukuliwa Masasi penyewe Magwangwara, yaani Wangoni wa Songea, walipovamia misheni ya Waanglikana mwaka 1882, na baadhi ya hao walikuwa watumwa waliokombolewa tayari, Askofu Steere wa misheni hiyo ndo aliwaleta kutoka Zanzibar mwaka 1876 wakashukia Lindi wakapanda kwa miguu, kwahiyo mtu anatekwa mara ya pili maishani, fikiria. Baada ya hapo misheni ikahamia Newala kwanza. Na kuna wa vita vya Majimaji, 1905 mpaka 1907, hao hadithi yao ina askari wa Wajerumani na ruga-ruga, wapiganaji wao wa kukodi, ndani yake. Mimi sikujiuliza. Nikamlipa jamaa mmoja Dar laki tatu anitafutie kwenye mafaili ya Wajerumani, akanitumia picha za karatasi nzuri kweli, muhuri upo, mwandiko umelala kama nyasi, nikampa mtu anayejua Kijerumani anisomee, ikawa habari ya kodi ya kibanda kwenye wilaya ambayo hata sijawahi kufika. Sasa bibi yangu alikuwa ameshasema bibi yake alitolewa kwenye jahazi na Wazungu wa manowari! Hao ni Waingereza, meli yao HMS London ilikaa pale Zanzibar toka 1874 mpaka 1883, viboti vyake ndo vilikuwa vinakimbiza majahazi ya watumwa. Wajerumani walikuwa hawajaja. Laki tatu ikaenda hivyo hivyo.

Sasa kitu ambacho mimi naona watu wengi wanakipita. Aliyetekwa alikuwa mtoto. Mtoto wa miaka saba nane hajui jina la wilaya, hajui jina la mfalme, mama yake anaitwa mama basi. Ukitafuta majina ya mahali kwenye masimulizi yake unapoteza muda. Tafuta alichoona. Bibi alisema bibi yake alikuwa kwenye dungu shambani anaamia ndege, mama yake amekwenda mtoni, ndo wakaja watu. Kuamia ndege maana yake mtama umeshaanza kukomaa, kwahiyo ni kama mwezi wa tano au wa sita. Sio tarehe lakini ni kitu. Pili, nilimuuliza bibi, kabla Wazungu hawajamtoa alipanda chombo mara ngapi? Akasema mara moja tu, gizani, chini ya jahazi, watu wanatapika. Hapo nilisimama nikatembea uani. Ukoo mzima miaka yote tunasema yule bibi ni wa ng'ambo ya ziwa, Malawi kule. Lakini msafara wa kutoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa mara nyingi ulikuwa unavushwa kwa chombo kutoka Kota Kota, pwani ya magharibi ya ziwa, kuja upande wa mashariki, na mtoto hawezi kusahau kuvushwa ziwa lile. Safari moja ya majini, basi huenda katekwa upande huu huu.

Na karatasi? Inasema Mnyasa, yaani mtu wa ziwani kule. Niliipata Zanzibar, kwenye Nyaraka pale Kilimani, orodha za ubalozi wa Uingereza za waliokombolewa: jina, jinsia, umri wa kukadiria, kabila, kakabidhiwa nani. Wake ni misheni ya Mbweni, ndo walikokuwa wanapelekwa wasichana, wavulana wakienda Kiungani, na wakikua wanaoana na wengine wanatumwa Masasi. Nililia kidogo, sitaki kudanganya. Ila jiulize nani alisema Mnyasa. Mtoto katoka kwenye giza la jahazi, anatetemeka, karani anauliza kwa kupitia mkalimani, na "Nyasa" ilikuwa inabandikwa kwa watu wengi tu wa njia ile. Mimi siiamini hiyo karatasi kuliko mgongo uliokunwa. Nembo usoni nazo zinasaidia, Wamakua walikuwa na ule mwezi mwandamo kwenye paji, ila bibi alisema uso ulikuwa safi, na mtoto wa umri ule huenda alikuwa hajachanjwa bado, kwahiyo usikimbilie kusema basi hakuwa Mmakua.

Mambo madogo madogo: andika jina kwa kila namna linavyoweza kusikika, L na R zinabadilishana sana, na Masasi kwenye makaratasi ya kizamani utaikuta Massassi. Mafaili ya misheni yenyewe ya Waanglikana, kwa kifupi UMCA, yako Uingereza, maktaba ya Bodleian pale Oxford. Vitabu vya ubatizo vya parokia navyo usiviache, angalia wasimamizi wa ubatizo maana mara nyingi ni watu waliokuja naye. Kwenye parokia moja niliambiwa mchwa wamekula, nikarudi mwaka uliofuata na kilo mbili za korosho, mchwa walikuwa wamevitema.

Na kama unataka kujua mtoto alivyokuwa anasimulia mambo haya, vijana wa Kiungani waliandika wenyewe habari zao za kutekwa, zikatoka London mwaka 1887. Hazina majina mengi ya mahali. Kuna njaa, miguu, nani alimpa maji.

Nimeandika yote kwenye kauntabuku nikampelekea mjomba, shikamoo mjomba, nikamsomea. Hakusema kitu. Wiki mbili baadaye msimu wa korosho uko juu ananipigia usiku, kelele za mnada nyuma, anasema sikiliza we mtoto, mama aliwahi kuniambia yule bibi mtama ukishakomaa alikuwa haingii shambani peke yake mpaka anakufa, wakamwona mvivu. Akakata simu.