Mgonjwa wa sukari na figo akianza kuongea vitu visivyoeleweka

Pole sana mkuu. Umesema mzee ana sukari, figo zimefeli anasafishwa damu, tangu asubuhi anaongea hovyo, mguu mmoja umelegea, ndugu wengine wanasema kiharusi wengine amechezewa. Mpimeni sukari sasa hivi. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri mpe maji ya sukari, sio juisi ya machungwa maana ina potasiamu na figo zake haziwezi. Kama hamezi usimmiminie kitu mdomoni. Hospitali mnaenda hata kipimo kikisoma vizuri, maana huo mguu unaweza kuwa kiharusi kweli.

Baba mkubwa wangu yalimkuta hayohayo, alikuwa kwenye glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, dozi yake ya siku zote, siku hiyo anafunga vifungo vya shati anafungua anafunga tena, jasho kama kanyeshewa, mdomo umeenda upande. Sote tukajua kiharusi. Nesi kamtoboa kidole, 1.8. Dripu ya glukosi ilivyoingia tu mzee akauliza mbona mmenileta huku. Tukaanza kudai ruhusa, dokta akakataa, na kweli jioni ikashuka tena. Akatuambia ini linaivunja ile dawa lakini mabaki yake bado yanashusha sukari, na njia yake kubwa mojawapo ya kutoka ni figo, sasa figo zikigoma yanabaki mwilini hata zaidi ya siku nzima. Insulini nayo figo ndo zinasaidia kuiondoa, kwahiyo dozi ya zamani inageuka kubwa. Ukiona sukari ya mgonjwa wa figo imekuwa nzuri ghafla bila kubadili kitu, usishangilie.

Metformini nayo, kidonge kingine cha sukari, kipimo cha uwezo wa figo (eGFR) kikishuka chini ya 30 inasimamishwa, inaweza kujaza asidi kwenye damu, na kwa wanaosafishwa damu kuna wachache imewagusa ubongo wakawa wanatetemeka na kutembea kwa shida. Halafu kuna hizi za miguu kuwaka moto, gabapentini na pregabalini, wengi hawazihesabu kabisa. Zinatoka kwa figo pia. Dozi ikizidi mgonjwa anasinzia mchana kutwa, mikono inarukaruka yenyewe, kikombe cha chai kinamponyoka.

Dawa zote, hata za duka la mtaani, tia kwenye mfuko mmoja uende nazo. Insulini msiikate wenyewe, dokta ndo apunguze.