Kaseti zangu za dansi hazininogei tena

SWALI: Nina kaseti za muziki wa dansi nilizorekodi redioni miaka ya 1980. Enzi hizo hazikunichosha. Sasa nikizicheza, gitaa la solo limefifia na waimbaji ni kama wamefunikwa blanketi. Je, tepu zimekufa, au ni masikio yangu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Masikio tuyaondoe kwanza. Cheza rekodi mpya kwenye spika zilezile. Ikisikika kali, tatizo liko kwenye kaseti au redio yako.

Sasa tafuta sehemu tupu mwishoni mwa tepu, ongeza sauti, usikilize ule mvumo wa "shhh". Kama nao umefifia, tepu haiigusi sawasawa hedi, kile kichwa kidogo cha chuma kinachosoma tepu. Chovya pamba kwenye spiriti safi, ya asilimia 90 au zaidi, usugue hedi na kile chuma chembamba kinachozunguka mpaka pamba isitoke na rangi ya kahawia. Kisha tazama ndani ya kaseti: kile kipande kidogo cha sponji kinachoisukuma tepu kwenye hedi mara nyingi hubanduka gundi ikizeeka. Hamishia tepu kwenye ganda lingine linalofungwa kwa skrubu.

Lakini mvumo ukiwa mkali huku muziki umefifia, hedi imekaa upande ikilinganishwa na ile iliyorekodi. Hili ndilo kosa linalofanya watu wengi watupe kaseti nzima kabisa. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili. Iguse ile yenye springi tu. Weka alama ilipokuwa, tumia bisibisi isiyo na sumaku, na huku kaseti inacheza izungushe kidogo kidogo, isizidi robo mzunguko. Sikiliza matoazi na kayamba, si besi. Zitafika mahali zifunguke ghafla, na ukipitiliza zinafifia tena. Ishia hapo. Kila kaseti ina mahali pake, kwa hiyo nakili kwenye kompyuta papo hapo, kwa ubora wa biti 24, kabla hujaenda nyingine.

Usikimbilie kuongeza trebo, yaani sauti za juu: utapandisha mvumo, na gitaa litabaki pale pale. Na kama deki yako ina kitufe cha Dolby, kile cha kupunguza mvumo, kizime. Kaseti isiyorekodiwa nacho hupoteza sauti za juu kikiwashwa.

SWALI: Kaseti zangu zote zinasikika nzito na za huzuni, hata nyimbo za kuchangamsha. Kwa nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mashine inakwenda polepole. Tafuta wimbo uleule kwenye santuri au intaneti, upime kwa saa. Wimbo wa dakika 6 ukichukua dakika 6 na sekunde 21, umeshuka nusu toni nzima, na hapo rumba yoyote inapooza. Badilisha mkanda wa mpira wa mota, kwani ukilegea huteleza, usafishe na kigurudumu cha mpira kinachovuta tepu. Ikibaki polepole, mota nyingi zina tundu dogo nyuma lenye skrubu ya mwendo. Irekebishe mpaka muda ulingane.