Bahasha yenye unga ofisini: msiitembeze

Dada uliyeuliza jana, umeanza kazi ya mapokezi Upper Hill na hujui ufanyeje ukikuta barua inamwaga unga. Mimi ni tarishi wa zamani hapa mjini, na yangu yalinikuta Oktoba 2001.

Kama ulikuwa mdogo: Marekani barua zenye vijidudu vya kimeta (anthrax, ugonjwa wa mifugo unaoua na watu) zilikuwa zimeanza kuua watu (mwishowe walikufa 5), na hapa Nairobi waziri wa afya, Sam Ongeri, akatangaza kwamba barua iliyotoka Atlanta imekutwa na vijidudu hivyo. Vipimo vya baadaye havikuona kitu. Lakini siku zile bahasha ilitisha kuliko nyoka.

Yetu ilikuwa ya kaki, stempu zimejazana, anwani ya mtumaji hakuna. Nilipochana kona tu, vumbi jeupe likamwagikia daftari la barua. Bosi akaichukua kumwonyesha mhasibu, mhasibu akainusa (naam, akainusa!), ikazunguka meza nne kabla mtu hajakumbuka simu. Na feni inavuma muda wote huo. Baadaye tuliambiwa ni wanga.

Kwa hiyo shika hili moja: iache hapo hapo ilipo. Usiitikise, usimpelekee mtu. Ifunike taratibu kwa kilicho karibu, hata gazeti, zima feni, toeni watu, fungeni mlango. Nawa mikono kwa sabuni na maji kabla hujagusa uso. Nguo ikipata vumbi, ivue uitie kwenye mfuko wa nailoni ufunge, ukiupata, maana tangu marufuku ya 2017 ni kazi. Halafu piga 999 au 112.

Sasa majina: andikeni kila aliyekuwa chumbani. Wenye ng'ombe wanakijua kimeta: ukivuta hewa yenye mbegu za vijidudu vyake ni hatari, ila mgonjwa wa kimeta cha mapafu hamwambukizi mwenzake. Kwa hiyo daktari anawatafuta waliokuwa chumbani, awaanzishie antibiotiki kabla dalili hazijatokea, na dozi yaweza kwenda siku 60. Asiyeandikwa hapati.

Sisi polisi walipotuuliza nani alikuwepo, tuliandika watu 11, tukahesabu mara mbili, tukatia sahihi. Mama wa chai hatukumwandika. Ndiye aliyekuwa amelifagia lile vumbi, kwa ufagio mkavu, akaenda zake kuosha vikombe.