Programu nafuu ya nyaraka kwa ofisi ndogo: pima kwa mafaili yako mwenyewe

Ofisi yenye kompyuta nne au tano haihitaji leseni tano za Microsoft Office. Mara nyingi inahitaji moja, na zipo ofisi zisizohitaji hata hiyo moja. Ila jibu haliko kwenye bei wala kwenye sura ya programu. Liko kwenye mafaili ambayo ofisi inayapokea na kuyarudisha kwa watu. Barua inayotoka kwenu ikiwa PDF unaweza kuiandika kwa programu yoyote. Mkataba unaokwenda na kurudi kati ya mawakili wawili, kila mmoja akiacha marekebisho yake ndani, ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, chagua mafaili matano yanayosumbua zaidi: barua yenye nembo na kichwa cha ofisi, mkataba wenye vifungu vya namba na maoni pembeni, ankara yenye jedwali, kitabu cha mahesabu cha Excel, na fomu moja ya serikali. Yafungue kwa programu unayoipima, badilisha neno moja, hifadhi, kisha yapeleke kwenye kompyuta yenye Word na Excel uyafungue huko. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu wanairuka, na ndiyo yenye majibu. Faili linaweza kuonekana safi kwako, likafika kwa mteja vifungu vimeanza upya kuhesabu kutoka 1.

Za bure zinazostahili muda wako ni tatu. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, na leseni yake inaruhusu biashara kuiweka kwenye kompyuta nyingi kadiri inavyotaka. Inakula diski ya takriban GB 1.5 tu, hivyo mashine za zamani zinaibeba. Ila kuanzia toleo la 25.8, Windows 7 na 8 hazikubaliwi tena. ONLYOFFICE Desktop Editors inafanya kazi moja kwa moja kwa docx na xlsx, yaani maumbo ya mafaili ya Word na Excel, na menyu zake zimepangwa kama za Word, kwa hiyo karani aliyezoea Word hahangaiki. FreeOffice ya SoftMaker kutoka Ujerumani ni nyepesi, na kuitumia ofisini ni bure pia. Apache OpenOffice iache: inafungua docx lakini haiwezi kuhifadhi kwa docx, na jina lake huwachanganya wengi wakadhani ndiyo LibreOffice. WPS Office ya bure ina matangazo, na kazi zake kadhaa za PDF hufungwa mpaka ulipie. Soma masharti yake kuhusu matumizi ya kibiashara kabla ya kuiweka ofisini.

Ushauri wangu: nyaraka zikitoka tu kwenda nje, weka LibreOffice. Zikienda na kurudi kwa watu wa Word kila siku, weka ONLYOFFICE. Hakuna kinachozuia kuwa na zote mbili kwenye kompyuta moja. Pakua mara moja, weka kwenye flashi, kisha sakinisha kwenye kompyuta zote bila kumaliza bando.

Malalamiko mengi kuhusu LibreOffice hutokana na mipangilio ambayo haikuguswa siku ya kwanza. Anza na umbo la kuhifadhi. Fungua "Tools", kisha "Options", kisha "Load/Save" na "General". Kwenye "Always save as" chagua docx kwa nyaraka na xlsx kwa majedwali. Usipofanya hivyo, karani atamtumia mteja faili la odt, umbo la LibreOffice yenyewe, na mteja atapiga simu kusema halifunguki kwenye simu yake. Hapo hapo hakikisha "Always create backup copy" ina alama na upunguze muda wa "AutoRecovery" kutoka dakika 10 hadi 3. Umeme ukikatika, dakika saba za kazi si kidogo.

Umeme ukirudi, faili la pamoja linaweza kukataa kufunguka likisema mtu mwingine analitumia. Kuna kijifaili kilichofichwa kwenye folda hiyo, jina lake linaanza na .~lock. Hakikisha kwanza hakuna aliyelifungua kweli, kisha kifute.

Jambo la pili ni fonti, na hapa ndipo barua ya ukurasa mmoja inapogeuka kurasa mbili. Programu isipokuwa na fonti iliyotumika, inaweka nyingine yenye upana tofauti wa herufi. Mistari inasogea, sahihi na mhuri vinaangukia ukurasa wa pili peke yake. LibreOffice huja na Carlito na Caladea, zenye vipimo sawa na Calibri na Cambria, na familia ya Liberation badala ya Times New Roman, Arial na Courier New. Shida ni Aptos, fonti ya kawaida ya Word mpya, isiyo na mbadala wa vipimo sawa humo. Kubalianeni ofisini kuwa barua zote ni Arial au Times New Roman na ugomvi huu utaisha.

Karatasi nayo. Programu ikisimikwa kwa Kiingereza cha Marekani, mara nyingi huanza na Letter, milimita 216 kwa 279, wakati sisi tunanunua rimu za A4, 210 kwa 297. Printa inasimama, taa inawaka, na watu wanamwita fundi bure. Badilisha ukubwa kwenye mtindo wa ukurasa, kisha hifadhi kama kiolezo cha kawaida. Kwenye sehemu ya lugha ya "Options", weka eneo liwe Tanzania au Kenya. Usipobadilisha, 03/04 itasomwa kuwa Machi 4.

Wanaoandika Kiswahili wachague usakinishaji wa "Custom" na kuongeza kamusi ya Kiswahili, la sivyo barua nzima itapigwa mstari mwekundu. Kazi ya kuiingiza lugha yetu kwenye programu hizi ina historia: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Inafaa ofisi zetu zikaitumia juhudi hiyo.

Sasa kompyuta ya mhasibu. Hii usiiguse mpaka mwisho. Vitabu vya Excel vyenye makro za VBA, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili kwa lugha ya Microsoft, hufanya kazi nusunusu kwenye LibreOffice, na kwenye ONLYOFFICE haziendeshwi, kwa kuwa makro zake ni za lugha nyingine, JavaScript. Fomu za Excel za iTax, mfumo wa kodi wa mamlaka ya mapato ya Kenya (KRA), ni mfano mzuri: kitufe cha Validate ndicho kinachokagua na kutengeneza faili la zip la kupakia, na kitufe hicho ni makro. Hata kwenye Excel yenyewe kinaweza kukaa kimya, kwa sababu Windows huwekea alama mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Bofya kulia faili, ingia "Properties", weka alama kwenye "Unblock", kisha lifungue upya. Kompyuta hii ndiyo ya kununulia leseni halali. Office Home & Business 2024 hulipiwa mara moja kwa kompyuta moja, na masasisho yake yatafika Oktoba 2029. Ofisi zilizobaki na Office 2016 au 2019 zijue kuwa masasisho ya usalama yalikoma Oktoba 14, 2025.

Leseni za bei ya kutupa mtandaoni mara nyingi ni funguo za mashirika zilizokatwakatwa na kuuzwa moja moja, na huzimwa baadaye. Na "activator" anayokuja nayo fundi, programu ya kuwasha Office bila leseni, inakutaka kwanza uzime antivirasi. Kompyuta yenye mishahara na namba za vitambulisho vya watu haipaswi kufanyiwa hivyo.

Kwa PDF, usitegemee sana LibreOffice Draw kuhariri. Inafungua, lakini hukata maandishi kuwa vipande vya mstari mmoja mmoja. Inafaa kurekebisha tarehe au jina, si aya. Dawa ni kujiandaa mapema: unapotoa PDF kutoka LibreOffice, weka alama kwenye "Hybrid PDF". Faili la asili linabaki ndani, na siku ukilifungua tena kwa LibreOffice unahariri kama kawaida. Nakala hiyo ibaki ofisini. Kwa mteja tuma PDF ya kawaida. Kuunganisha na kukata kurasa, PDFsam Basic ni bure na inafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo hakuna sababu ya kupakia mikataba ya wateja kwenye tovuti usiyoijua. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaihusu hata ofisi ndogo. Ukitaka kuficha namba ya akaunti, usiweke boksi jeusi juu yake, maana maandishi yanabaki chini na mtu atayanakili. Tumia "Redact" kwenye menyu ya "Tools" ya LibreOffice.

Google Docs ni nzuri pale watu wawili wanapoandika waraka mmoja kwa wakati mmoja. GB 15 za bure zinagawanywa na Gmail na picha, na matumizi bila intaneti lazima yawashwe kabla mtandao haujakatika.

Ukihama, anza na kompyuta moja, ya karani anayeandika barua nyingi, kwa wiki mbili. Usiondoe programu ya zamani. Mpe daftari aandike kila faili lililoharibika na lilitoka kwa nani. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kompyuta gani zihame na ipi ibaki na Excel.