Maswali ya Wasomaji: Safari Imekwama, Nyumbani Tufanye Nini?

SWALI: Tulipanga kwenda Mombasa Desemba hii, nauli ikapanda hadi ikatushinda. Watoto wanalilia mahamri na mbaazi walizokula huko mwaka juzi. Nimejaribu kupika mara mbili. Mara ya kwanza mahamri yalitoka magumu kama mawe, mara ya pili yakawa bapa, yamejaa mafuta. Nakosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Umoja)

JIBU: Mama, hayo ni makosa mawili tofauti. Ugumu huletwa na unga uliokandwa mkavu au hamira iliyokufa. Ubapa na mafuta huletwa na karai ambalo halijapata moto.

Anza na nazi, maana hapo ndipo ladha ya pwani ilipo. Nunua mbili. Itikise kila moja usikie maji, kisha angalia yale matundu matatu: yawe makavu, bila ukungu. Kama nyumbani hakuna mbuzi ya kukunia, katakata nyama ya nazi moja, isage kwa blenda na kikombe kimoja cha maji vuguvugu, ukamue kwa kitambaa safi. Hilo ndilo tui zito. Usitupe machicha, yarudie kwa maji vikombe viwili upate tui la pili, la mbaazi.

Chukua unga mweupe wa ngano nusu kilo (si ule unaouzwa ukiwa tayari umetiwa cha kuumulia), sukari gramu 80, hamira ya chembechembe vijiko viwili vya chai na chumvi kidogo. Iliki ziwe punje kumi, uzimenye na kuziponda papo hapo, kwa kuwa ile ya kusagwa iliyokaa rafuni huwa imebaki rangi tu. Tui litakwenda kama mililita 300, lakini limimine kidogo kidogo. Unga wa kila pakiti hunywa kwa kiasi chake. Liwe vuguvugu, kidole kikae ndani bila kuungua. Likifika nyuzi 60 hamira imekufa, na hakuna kukanda kutakakoifufua.

Kanda dakika kumi hadi kumi na tano. Donge likinata kidogo mkononi, liache hivyo. Wengi huogopa huko kunata, wakaongeza unga, na mawe huanzia hapo. Funika lisubiri. Katika joto la Mombasa saa moja yaweza kutosha. Katika baridi ya Nairobi hesabu saa mbili au zaidi, au liweke juu ya sufuria ya maji ya moto ambayo umeshaitoa jikoni. Usiifuate saa, fuata donge: liwe maradufu.

Ligawe madonge manane. Sukuma kila moja liwe duara la sentimita 15 hivi, unene wa nusu sentimita, kisha likate vipande vinne. Ukisukuma wembamba wa chapati, andazi halitafura. Vipande vifunike dakika 20 hadi 30. Vikikauka juu hupasuka karaini na mvuke unaotengeneza ule uwazi hutoroka. Kung'uta unga uliobaki, la sivyo utaungua na kuchafua mafuta.

Mafuta yawe na kina cha sentimita tano. Dondosha kinyofu cha unga: kikizama na kukaa chini, bado, kikiibuka upesi huku kikitoa povu, tia. Matatu au manne kwa mara moja yanatosha, kwa sababu ukijaza karai mafuta hupoa, na mafuta yaliyopoa ndiyo hunyonywa. Yamwagie mafuta kwa upawa upande wa juu hadi yafure, kisha geuza. Yakipata rangi haraka huku ndani mabichi, punguza moto.

Sasa mbaazi, nusu kilo. Hapa Nairobi ipo juu, mita 1,700 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Kwa hiyo mbaazi ile ile itachelewa kuiva kuliko ingepikwa pwani, wala si kosa la muuzaji. Loweka usiku kucha, na ukiwa na sufuria ya presha itumie. Zikishalainika ndipo utie tui la pili, kitunguu, pilipili mbichi, manjano kidogo na chumvi. Tui zito la nazi ya pili litiwe mwisho, kwa moto mdogo, ukikoroga. Likichemka kwa nguvu hukatika.

SWALI: Naishi orofa ya nane mtaa wa Pipeline, hapa Nairobi, dirisha langu linatazamana na ukuta. Mwaka huu siendi popote. Haturuhusiwi kupanda juu ya nyumba isipokuwa kuanika nguo. Kuna cha kuona huko? (Kijana wa orofa ya nane)

JIBU: Ongea na keateka (mtunza nyumba) vizuri, maana kipo. Asubuhi iliyofuata mvua ya usiku, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, tazama kaskazini, ukielekea mashariki kidogo. Mlima Kenya uko umbali wa kilomita 140 hivi. Geuka kusini, mashariki kidogo tena: Kilimanjaro, kama kilomita 200. Usitarajie ukubwa wa picha za kalenda. Ukinyoosha mkono, urefu wa Mlima Kenya kwenda juu ni kama upana wa kidole cha mwisho, na Kilimanjaro hata upana huo haufikii. Jua likipanda, mawingu na vumbi huifunika yote miwili.

Usiku tafuta Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho wakulima walikisoma ili kujua msimu. Katikati ya Januari, saa tatu kasoro robo usiku, huwa karibu na utosi, kimeelekea kaskazini. Yape macho dakika kumi na tano bila kuwasha simu. Mwanga mmoja tu wa skrini na unaanza upya.

Mwanzoni mwa Juni, mawingu yakiruhusu, simama hapo saa mbili usiku. Msalaba wa Kusini uko upande mmoja, na zile nyota saba za kaskazini zenye umbo la upawa ziko upande wa pili. Mtu wa London hauoni ule msalaba akiwa kwao. Wewe, kwa kukaa karibu na ikweta, unageuza shingo tu.

SWALI: Mama yangu hatoki tena kwa sababu ya magoti. Tuna balkoni ndogo. Apate nini cha kutazama? (Binti, Kasarani)

JIBU: Dada, weka bakuli pana la udongo, maji yasizidi kina cha sentimita nne, na jiwe katikati la ndege kutua. Liwe mita mbili hivi kutoka kwenye kiti chake. Badilisha maji kila asubuhi na usugue bakuli, kwani yakikaa wiki yatazaa mbu. Siku za kwanza huenda asije hata mmoja, usilihamishe. Shore na shomoro ndio huzoea upesi. Chozi hafuati maji sana, yeye anataka maua, na mshubiri kwenye kopo la lita tano humvuta ukichanua. Mkate msiwape; wapeni wimbi au mtama, konzi moja kwa siku, na mabaki yafagiliwe kabla ya jioni, panya wasijialike.